Yasiyoandikwa Kwenye Muhtasari

Kikao cha kwanza kilichelewa dakika arobaini.
Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao padri,
na padri alikuwa mazishini, kijiji cha juu.
Tukakaa nyuma ya tanuri la Olaya mwokaji,
juu ya magunia ya unga,
watu tisa wenye suti nyeusi
tulioinuka na makalio meupe.

Hilo sikuliandika.

Niliandika: wamehudhuria hospitali, shule, kiwanda cha maziwa,
benki, halmashauri, chama cha waliokuwa wachimba makaa.
Ajenda: bonde letu.
Mgodi umefungwa mwaka wa kumi na tatu sasa.
Mto umeanza kurudiwa na rangi yake.
Vijana, bado.

Daktari Iyán akasoma hesabu:
mwezi huo wagonjwa arobaini na mmoja hawakufika kliniki.
Benki ikasema riba. Halmashauri ikasema kanuni.
Shule ikasema bajeti, mara mbili.
Kila mwamba ngoma akavutia kwake,
na ngozi ilikuwa sisi.

Ndipo Telva, dereva wa lori la maziwa,
aliyekuja kuchukua kreti zake tu,
akasema akiwa mlangoni:
"Kila alfajiri napanda hadi Cuetu,
kiti cha pembeni kitupu.
Nimewahi kumfunga mkanda ndama pale.
Binadamu atashindwaje?
Na lile la shule, saa tatu mpaka saa tisa
linalala juani kama paka."

"Basi!" akasema Olaya, akipiga meza.
Nikaandika "basi",
na hadi leo sijui alitaja gari
au alitunyamazisha.
Yote mawili yalitimia.

Si upesi. Ilitugharimu majira mawili ya theluji.
Shule ilijitoa, ikarudi, ikajitoa tena.
Benki ililipia bima kisha ikataka jina lake ubavuni;
tukaliandika, dogo, karibu na bomba la moshi.
Xurde, aliyetengeneza winchi za mgodini,
sasa hulala chini ya basi akikagua breki,
na hukohoa huko huko chini
ili asiambiwe apumzike.
Padri alitoa orodha ya wanaoishi peke yao.
Ilikuwa ndefu kuliko rejista ya shule.
Hakuna aliyesema kitu. Hilo nalo sikuliandika.

Jumanne bibi Sabela ameshuka,
ameketi kiti cha mtoto, magoti kifuani,
glavu ya mtu imesahauliwa pajani pake,
kadi ya kliniki mkononi kama tiketi ya treni.
Alimletea dereva jibini kwa nauli.
Dereva akakataa, akaisukumia hospitali,
hospitali ikaogopa kanuni,
ikaishia juu ya meza yetu.

Siku hizi ufunguo wa ukumbi tunao.
Bado tunakaa kwenye unga.

Niliandika, kipengele cha mwisho:
Mengineyo. Jibini.
Imeliwa yote, kwa kauli moja.