Zamu ya Usiku, Sir Bani Yas

Mimi Mwakio, askari namba arobaini na moja,
nalinda kuta zinazonifika magotini.
Walionikabidhi ufunguo
walisahau kunikabidhi mlango.

Kibao kinasema hapa kisiwani waliishi watawa,
miaka elfu moja na mia tatu imepita, na ushei.
Misalaba yao ya lipu imehifadhiwa kwingine.
Vimebaki vyumba, na vyumba navijua:
hatua nne kwa tatu, nimepima kwa buti.
Chetu kambini ni hatua tano kwa nne,
ila tumo sita,
na Dilbahadur hukoroma kama anayesaga mahindi.

Juzi alikuja bibi wa Kiingereza, Bi Winifred,
kofia pana, goti bovu.
Akakaa juu ya jiwe lisiloruhusiwa kukaliwa.
Sikumwinua.
Akanipa habari za kwao: mfalme
aliyegombana na Roma kwa ajili ya ndoa
akazifunga nyumba za watawa, moja baada ya moja.
Watu wake wakaezua mapaa, wakaondoka na risasi.
Nikashtuka, nikadhani anasema bunduki;
kumbe ni madini, mabamba ya kuzuia maji.
Mvua ikaingia, ikamalizia kazi ya mfalme.
Mawe, wanakijiji wakajengea mazizi.
Makanisa makuu yakaachwa yasimame,
watakatifu wake wa mawe wakikatwa vichwa.
"Na haya," akauliza, "aliyavunja nani?"

Nikamjibu kama kibao: hakuna.
Hayakuonekana majivu, wala mshale.
Waliondoka tu.

Sikumwambia ninalolijua mimi,
kwamba nyumba ya wanaume watupu haihitaji mfalme.
Mmoja hupata barua, mama hajiwezi.
Mwingine kifua kinamshinda.
Wa tatu huaga, nitarudi baada ya Pasaka,
akaacha bakuli lake rafuni liwe amana.
Hata siku moja mpiga kengele anapiga,
anangoja,
anajiitikia mwenyewe.

Saa tisa za usiku twiga hupita kando ya uzio.
Ndiyo, twiga. Nao waliletwa.
Kuna mmoja husimama akanitazama
kama mtu wa Voi aliyekutana na mtu wa Voi ugenini,
kila mmoja akisubiri mwenzake aanze salamu.

Mghoi hupiga simu alfajiri, kabla ya kukamua.
Unalinda nini hasa huko, baba Mkamburi?
Kuta.
Kuta za nini?
Za watu waliokesha wakiomba, nikasema,
ili wengine walale.
Akanyamaza. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.
Kisha akauliza kama pesa za mabati nimetuma,
maana upande wa jikoni kunavuja tayari
na vuli ya mwaka huu
haina dalili ya kumngoja mtu.