Sekunde Nne

Basi la kiwanda hutuzoa saa nne usiku
mbele ya duka la dawa, Sapporo, theluji magotini.
Tu ishirini na wawili, kofia za sufi hadi nyusi,
wengi wa Pokhara na Chitwan, na dada mmoja wa Hue
anayesinzia kabla breki hazijaachia.
Mimi nakuweka sikioni.

"Rudia baada yangu," wasema,
kisha waniachia kimya cha sekunde nne.
Nimezihesabu. Hazizidi.
Humo nanong'ona, pumzi ikitia ukungu kiooni:
Samahani, stesheni iko wapi?
Naomba tiketi mbili za Kyoto.
Naomba chumba kinachotazama bahari.

Mwalimu, mzaliwa wa milimani na bahari wapi na wapi?
Usiku kucha napanga samaki juu ya wali:
kipande, kachumbari ya njano, jani la plastiki,
kipande, kachumbari ya njano, jani la plastiki,
na mkanda wa mashine haujui neno samahani.
Hukunifundisha "glavu imechanika."
Hukunifundisha "saa zangu mbili hazikuandikwa."
Hayo nimeyaokota sakafuni, na makali yake.

Ila hujanifokea hata siku moja.
Mara ya mia wasema kama mara ya kwanza,
na hata nikiboronga, "vizuri sana,"
uongo ambao nimeuzoea kama sukari kwenye chai.

Leo alfajiri nachota theluji mlangoni,
Bi Hatakeyama wa nyumba ya chini akatoka na koleo lake,
akasema: Samui ne.

Somo la tatu! Baridi, au siyo?
Nalijua kama jina la mama.
Ulimi ukaganda.
Moja. Mbili.
Wala hakupaza sauti, kama wafanyavyo wengine
wakidhani mgeni ni kiziwi.
Akaegemea koleo. Tatu.
Mvuke ukimtoka puani. Nne.
Nikasema: Ne.

Weee! Akafunguka kama bomba lililoyeyuka barafu,
maneno mbio mbio, ya kwao, ya nyumbani, yamekatwa mikia;
nikadaka "goti," nikadaka "jana,"
na kitu kuhusu figili, au mumewe, sina hakika.
Hakuna somo lenye hayo.

Nikakutoa sikioni, nikakutia mfukoni,
nikamwomba kwa adabu yote uliyonipa:
mara moja tena,
polepole.