Mama Alisema Moto

Saa nane za usiku, Uru, mvua ya Aprili ikigonga bati,
mama alisimama mlangoni bila kanga ya juu
akasema moto, moto,
mpaka Mzee Kiwelu akaja na ndoo mbili na koti la mvua,
akakuta jikoni majivu yamelala kama paka.

Usiku wa pili, ndoo moja.
Usiku wa tano hakuja mtu.

Mimi ndiye kitinda mimba, kihamba ni changu:
migomba, mfereji, na mama.
Ndugu zangu hutuma pesa na ushauri.
Anaeli alipiga simu kutoka Mwanza:
mtafutie kitu cha kumtuliza, nawe ulale.
Neno hilo, ulale, lilinikaa vizuri.

Mjini, daktari hakuuliza mengi, foleni ilifika barabarani.
Nikasema: anaona moto usiopo.
Akaandika mstari mmoja.
Vidonge vyeupe, vidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto,
kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nikalala. Nisiseme uongo, nililala
kama mtu aliyelipwa.

Siku ya nne mama alinyamaza.
Ya saba, shingo ikawa ngumu kama mpini.
Yeye aliyepalilia kahawa huku akigombana na tumbili
sasa anaburuta miguu kana kwamba amevaa viatu vya marehemu,
uji unamtoka pembeni mwa mdomo,
na wageni wa Jumapili wanasema: ametulia, Mungu ni mwema.
Nikaitikia.
Hata chungu kilichopasuka hutulia.

Kisha akaanguka kwenye ngazi ya zege, nyusi ikafunguka.
Zahanati, nesi Eliainenyi alishona nyuzi nne,
akageuza kopo la vidonge mkononi,
akalisoma kama hati ya kesi.
"Nani kamwandikia hizi?
Kwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu
zinaweza kuleta kiharusi. Zinaangusha.
Wengine hawaamki kabisa.
Hukuambiwa?"

Sikuambiwa.
Wala sikuuliza.

Halafu akaleta swali la aibu:
mkojo wake una rangi gani?
Mimi, mtoto wa kiume. Nikatazama sakafu.
Nilijua bei ya mbolea, nilijua umri wa kila mgomba,
nilijua ni jiwe gani la mfereji linalovujisha maji kwa jirani.

Kikopo kikaenda maabara, kikarudi na jibu.
Maambukizi, tena ya siku nyingi.
"Kila akienda haja anaungua," alisema nesi.
"Maneno yamemwisha. Alibakiwa na hilo moja,
akalitumia mahali pake."

Moto.

Kumbe ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya nyumba,
chini ya blanketi la mistari,
nasi tulikwenda na ndoo jikoni.

Vidonge havikukatwa ghafla.
Daktari mwingine alivishusha, nusu, kisha robo,
wiki baada ya wiki, akinipigia simu kuuliza: amekula? amegeuza shingo?
Kuungua kulitibiwa kwa siku saba.
Siku saba tu. Nimezihesabu mara nyingi.
Mkono wa kushoto bado unatetemeka.
Wanasema labda utaacha. Wanasema labda.
Usiku anaongea tena, na mimi silali,
nakaa kwenye kigoda nikisikiliza kila neno
kama mtu anayechambua mchele gizani.

Jana nilikata jani la sale mpakani
nikampelekea kwa mikono miwili,
maana kwetu msamaha hauombwi mikono mitupu.
Alilipokea. Alilitazama.
Akalichana vipande virefu, polepole, mkono ukimtetemeka,
akavirundika miguuni.
"Ng'ombe ameshakula?"

Ng'ombe tuliyemuuza mwaka wa msiba wa baba.

Bado, mama, nikasema.
Nikayakusanya majani yote,
nikatoka nayo nje kwenye mvua.