Elfu Saba Mia Mbili Kumi na Tisa

Mama aliishona namba yake kwa uzi mwekundu
ndani ya kola ya gauni jeupe,
akaiandika kwa rangi ya kucha chini ya chupa ya chai
ili wenzake wa zamu ya usiku wasiikwapue.
Elfu saba mia mbili kumi na tisa.
Niliikariri kabla sijazijua siku za juma.

Leseni ilipokaribia kuisha
alipanga noti kitandani:
ada ya Baraza huku, karo yangu huku,
mafuta ya taa yangoje.
"Bila karatasi hii," alisema,
"mimi ni mama tu mwenye sindano."

Letaru, muuguzi. Ana miaka sita
chini ya udongo wa Vurra.

Jumanne ile mwanangu Adiga aliwaka homa.
Arua nzima ilikuwa giza;
kliniki moja tu pale Oli, nyuma ya duka la magodoro,
ilikuwa na taa.
Binti mwenye kofia nyeupe alimpakata,
akamnong'oneza kitu, akatafuta mshipa,
akaupata mara moja.
Mkono mwepesi. Lazima niseme kweli: mkono mwepesi.
Nikainua macho nishukuru,
nikaona fremu ukutani,
picha yake, jina lake, muhuri,
na chini ya muhuri, mama yangu.

Elfu saba
mia mbili
kumi na tisa.

Sikupiga kelele. Dripu ilikuwa bado inadondoka
ndani ya mtoto wangu.
"Sista, ulisomea wapi?"
Alijibu haraka mno,
kama mtu aliyejiuliza swali hilo kila usiku.

Kampala, dirisha la Baraza.
Bwana Tibesigwa, miwani imeungwa kwa plasta,
alilamba kidole, akafunua, akafunua.
"Leseni iliisha, ndiyo. Ila jina lipo.
Hamkuja kutuambia amekufa.
Kwetu sisi, mama yako amechelewa tu kulipa."

Nikacheka. Kicheko kikageuka katikati ya njia.
Nikatoa cheti cha kifo, kimekunjwa
hadi mikunjo imekuwa matundu.
Akanionyesha ukurasa: sahihi yake ya usichana,
L kubwa yenye mkia,
kama ya mtu anayeingia mlango asioamini umefunguliwa.
"Nikate?" aliuliza,
kana kwamba ningeweza kusema subiri.
Akalaza rula. Mstari mmoja, wino mwekundu, tarehe pembeni.
Kule Vurra walichimba wanaume saba tangu alfajiri.
Hapa ilitosha rula.

"Na namba, atapewa nani?"
"Haipewi mtu," alisema, akapuliza wino ukauke.

Wakaguzi walifika Oli siku ya Ijumaa,
wakaibandua fremu, wakatia kufuli.
Muuza mandazi wa jirani alinishika mkono:
"Sasa tukiumwa usiku, twende wapi?"
Sikuwa na jibu. Sinalo hata leo.
Hospitali iko mbali kwa mguu wenye homa,
na foleni yake haijui saa.

Lakini mezani kwa yule binti walikuta daftari la shule,
mistari imenyooka, mwandiko safi,
jina la mtoto wa fundi viatu,
penisilini, saa nne usiku,
kisha hakuna kitu.
Ukurasa mzima hakuna kitu.
Hakuna aliyeuliza kama mwili wake unaikataa.
Mama angeuliza. Alikuwa anauliza
hata watu waliokuja kuomba chumvi.

Adiga alipona. Baraza halikuniuliza
ni nani aliyemponya,
nami sikulisema dirishani.

Chupa ya chai ninayo bado.
Rangi ya kucha imebanduka, saba imebaki nusu.
Jana Adiga aliipindua, akaisoma kwa sauti,
akaruka mia mbili.
Nikamwambia: rudia.