Risiti ya Maji

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
Shekue Mhando huziba pancha.
Ana bomba moja uani, lenye mita.
Wiki ile nyumba sita zilikatiwa maji;
akalifungua alfajiri, akarudi kwenye pampu yake.
Ndoo zikajipanga zenyewe.

Kosa: kusambaza maji bila kibali.
Kifungu sikitaji, nimekiandika mara nyingi mno.

Mimi ni karani. Miaka ishirini na mitatu
naandika maneno ya watu waliosimama.
Sitoi hukumu. Natoa nakala.

Usiku wa kuamkia kesi, mpwa wangu Semgaya,
mwaka wa tatu wa sheria, aliniachia kijitabu
kilichopigwa fotokopi mpaka herufi zimevimba:
habari za Wamarekani na katiba yao.
Nilikisoma kwa tochi ya simu, umeme umekwenda.
Wahafidhina wao, wale wasiopenda kung'oa nguzo,
wanasema haki haikutoka serikalini.
Serikali iliikuta.
Ilikuwapo kabla ya wino, kama kiu.

Nikakaa kitako. Hili mbona nalijua!
Bibi yangu wa Pongwe hakujua alifu wala bee,
na alisema maji hayanyimwi mtu,
hata aliyekuibia kuku.

Nikafunua ukurasa, nikawakuta wanagombana.
Mmoja asema: hakimu asome kilichoandikwa,
kwa maana waliyoielewa walioandika, basi;
akichungulia nyuma ya karatasi
ataona uso wake mwenyewe, auite Mungu.
Mwenzake amjibu: na karatasi je,
imewekwa juu ya meza gani?
Nikawapa ushindi wote wawili,
jambo baya saa nane za usiku.

Halafu wale waanzilishi.
Waliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa,
kwamba neno hilo halihitaji shahidi,
na nyumbani mwao palikuwa na watu wenye bei.
Sheria ya maumbile ilikuwamo chumbani. Haikukohoa.
Au ilikohoa, wakafunga dirisha.
Lakini maneno yakishatoka hayana mwenyewe:
wenye bei nao wakayasoma,
wakayageuza hati ya mashitaka.

Asubuhi, Hakimu Nasra Mbelwa:
"Mshitakiwa, ulikuwa na kibali?"
"Cha nini?"
"Cha kugawa maji."
Mhando akatazama kucha zake, grisi imeganda.
"Mheshimiwa, walikuwa na kiu."

Neno hilo halina kifungu. Nikaliandika.
Na nyuma ya fomu ya dhamana, maana nina ugonjwa huo,
mkono ukaandika mengine:

*Sheria ilo kitini, na ilo moyoni mwetu,*
*Moja imo jalidani, nyingine huvaa utu,*
*Ipi nimtie ndani, kwa ipi nimwite mtu?*
*Kalamu yangu ni butu, yaandika yasemwayo.*

Pangaboi lilizunguka. Hakimu alinyamaza
kupita desturi ya mahakama ya mwanzo.
Kisha: "Mahakama hii haitungi sheria."
Faini, shilingi elfu thelathini.

Sikumkasirikia.
Kesho angekaa pale hakimu mwingine, na moyo mwingine,
na moyo huo ungeapa kwamba maumbile
yako upande wa wenye mita.
Lakini nilimwona akivua miwani,
akaifuta, akaifuta tena, na haikuwa na vumbi.

Majirani walichangishana barazani,
sarafu ndani ya kofia, noti zenye harufu ya samaki.
Mwanamke mmoja alileta fedha kwenye kata ya kuchotea.
Nikahesabu mara mbili. Zilizidi mia tatu, nikarudisha.

Kitabu cha risiti kina mstari: *Kwa ajili ya.*
Hapo huandikwa *faini*. Herufi tano,
mkono wangu unazijua hata usingizini.
Nikaandika *maji*.
Nikakandamiza, kama inavyotakiwa,
na karboni ikaliteremsha lile neno
hadi nakala ya serikali.