Ngoja

Fimbo niliinunua paundi tisa, duka la hisani pale Rothbury,
kati ya sufuria na santuri za watu waliokwisha kufa.
Muuzaji akaniuliza kama najua kuvua.
Nikamwambia natoka Dodoma.
Hakujua Dodoma ni wapi, basi hakucheka.

Doreen Charlton, mgawa barua, akakubali kunifunza.
Hakunipeleka mtoni. Alinipeleka uwanja wa mpira,
goli moja halina wavu, kondoo wanachungulia uani,
akafunga kishada cha sufu nyekundu pale pa ndoana:
"Leo unavua nyasi."

Nikavua nyasi. Jumamosi tatu nikavua nyasi.
Nikavua sikio langu, nikavua kofia yake,
nikavua mbwa wa bwana mmoja mpita njia
aliyeniomba radhi yeye, kama ilivyo desturi yao.
Samaki mkunje angali mbichi, nilifundishwa.
Mimi nina miaka arobaini na saba: ng'onda,
jua limepita, chumvi imekolea,
ukinikunja nalia kama kuni.

"Fikiria uso wa saa," akasema. "Kichwa chako ni kumi na mbili.
Mbele, simamisha kwenye kumi. Nyuma, kwenye moja. Usipite hapo."
Nami, bila kujijua, nikatafsiri
kama ninavyotafsiri kila kutwa tangu nifike:
kumi yao saa nne, moja yao saa saba.
Mkono ukaitafuta nne, ukaitafuta saba.
Nikachapa nyasi nyuma alipotaka mbele,
mbele alipotaka nyuma,
kama mtu aliyevamiwa na nyoka wawili.

Nilipomweleza, aliketi chini akacheka, kisha akanyamaza.
"Kwenu siku inaanza jua likitoka?"
"Ndiyo."
"Ina akili zaidi," akasema. "Lakini inua mkono."

Na kurusha si kazi. Kazi ni pale katikati,
mshipi ukiwa nyuma yako, huuoni,
nawe hutakiwi kufanya lolote
mpaka umalize kujinyoosha hewani.
Hapo ndipo nilipokuwa naharibu. Niliharakisha,
mshipi ukalia kama kiboko, sufu ikakatika ikaruka kwa kondoo.
"Kwenu mnamwambiaje mtu asubiri?"
"Ngoja."
Akalijaribu mdomoni kama pipi asiyoijua.
Tangu siku hiyo, uwanja mzima wa Rothbury
umemsikia mgawa barua akipaza sauti:
ngo, fimbo nyuma,
ja, fimbo mbele.
Hakujua kwamba ja ni kuja. Sikumwambia.

Mei tukaingia mtoni.
Maji ya Coquet yana rangi ya chai ya mkandaa,
baridi inapanda suruali ya mpira hadi kwenye mbavu.
Nzi wangu alifungwa kwa unyoya wa kware na uzi wa kijani,
mdogo kuliko punje ya mtama.
Nikavua mti. Nikavua jiwe. Nikavua mti uleule.
Halafu mara moja, sijui mkono ulifanyaje,
nzi alitua kana kwamba ana mbawa za kweli,
na trauti akapanda polepole kutoka chini ya kivuli,
akamkagua kama afisa wa uhamiaji anavyokagua pasi,
akatazama picha, akanitazama,
akairudisha.

Dada yangu Nyemo akapiga simu. "Umepata wangapi?"
"Hakuna."
"Na ukimpata?"
"Namrudisha majini."
Kimya. Nikadhani vocha imekwisha.
"Wanakulipa kwa hilo?"
"Hapana. Mimi ndiye ninayelipa."

Saa tisa usiku, wodi ya wazee, korido tupu.
Nimesukuma kitoroli cha dawa hadi ukutani.
Hakuna anayeona. Nainua mkono mtupu,
kiwiko karibu na ubavu, kama alivyosema,
ngo,
na nyuma yangu kitu kisichokuwepo
kinajinyoosha, kinajinyoosha.
Taa ya kitanda cha sita inawaka.

Ja.
Naja, Bwana Hedley, naja.