Zamu ya Usiku, Barabara ya Mombasa

Saa nne kasorobo. Fainali haijaanza,
na tayari Kayole imewasha skrini zote.
Naiona Kayole kama mstari wa kijani unaopanda.
Umoja inafuata. Rongai, kama kawaida, inachelewa,
kisha inakuja yote kwa pamoja.

Kazi yangu ni kugawa.
Video moja, nakala mia, na kila anayebisha
nimpeleke kwa seva iliyo karibu, isiyoelemewa.
Athi River imejaa? Aende Kisumu.
Kisumu inahema? Mombasa bado ina nafasi.
Mtazamaji hajui amesafirishwa hadi wapi.
Anaona mpira tu, na nyasi.

Kila sekunde tano mtambo unaziuliza seva:
Uko?
Niko.
Uko?
Niko.
Isiyojibu mara tatu inaondolewa zamu,
bila lawama, bila kikao cha ukoo,
inaachwa ipoe.

Dakika ya sitini na saba, namba kumi na nne ikanyamaza.
Jerotich, wa meza ya pili, alikuwa na chai mdomoni.
Watu elfu tisa walihamishwa kabla hajameza.
"Imechoka," akasema. "Iache."
Hakuna aliyekosa bao.

Simu yangu ikatetemeka chini ya kibodi.
Muthengi: karo, leo ndiyo mwisho.
Shangazi Kalunde: dawa za presha, na kikibaki kitu, mabati mawili.
Kundi la mazishi ya mjomba: jina langu,
na mbele yake nafasi wazi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema.
Hawakusema usufi ukilowa unakuwaje.

Nikamtumia Muthengi. Nikamtumia shangazi nusu.
Kundi nikalizima sauti.
Kisha nikaitazama kumi na nne nyuma ya kioo,
taa yake ya njano, feni ikizunguka polepole,
nikaona wivu.
Wivu wa chuma, jamani.

Penalti zilipoanza mji wote ulinipanda kichwani.
Niligawa.
Kwenye saa saba hivi, kumi na nne ikajibu yenyewe.
Nikairudisha taratibu, asilimia tano, kisha kumi,
kama mtu aliyetoka kuugua.

Jerotich alikuwa ameshavaa koti.
"Na wewe," akauliza, "uko?"

Nikachelewa.

Akavua koti.